Mtawala Huondoka, Kiti Hubaki: Meksiko Kutoka Shamba la Deni Hadi Chama Kilichotawala Miaka 71

Mkonge wa Tanga na Korogwe haukuota huko wenyewe. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kupitia Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa jina kubwa la katani duniani. Hilo jina "sisal" wanalolitumia Wazungu ni la bandari ndogo ya Yucatán, kusini-mashariki mwa Meksiko. Hapo ndipo nyuzi zilipokuwa zikipakiwa melini.

Nimeanza na mkonge kwa sababu ya watu waliokuwa nyuma ya nyuzi zile. Wakati miche 62 inatiwa ardhini Tanga, kule Yucatán Wamaya walikuwa wakikata majani ya henequen, ndugu yake mkonge, kwenye mashamba ya matajiri wachache. Kibarua alikopeshwa mahindi na nguo katika duka la bwana shamba, kwa bei ya bwana shamba, katika daftari la bwana shamba. Deni halikulipika. Akitoroka, alisakwa kama mwizi. Na mikono ilipopungua, serikali iliwakamata Wayaqui, watu wa kaskazini kabisa katika jimbo la Sonora waliokataa kunyang'anywa mabonde yao, ikawasafirisha kwa maelfu kwenda kufia kwenye mashamba hayo.

Meksiko hiyo ndiyo iliyolipuka mwaka 1910. Mtu akitaka kuelewa nchi hii yenye watu zaidi ya milioni 126 ilivyofika ilipo, ni rahisi kupotelea kwenye majina ya majenerali, maana ni wengi na karibu wote waliuawa. Mimi hushika maswali mawili tu: ardhi ni ya nani, na mtawala anaondokaje? Majibu yao kwa maswali hayo yalikuwa ya ajabu kidogo, na yaliwafanya wawe na amani ndefu kuliko majirani zao, kwa gharama ambayo bado wanailipa.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 13 Agosti 1521 mji wa Tenochtitlan, makao makuu ya Waazteki, uliangukia mikononi mwa Hernán Cortés. Hadithi ya Wahispania wachache kuangusha dola nzima ni ya kuvutia lakini ina pengo kubwa: nyuma yao walikuwa maelfu ya wapiganaji wa Tlaxcala na miji mingine iliyochoshwa na kodi za Waazteki, na mbele yao ilikuwa imetangulia ndui, ambayo iliua bila kuchagua. Wahispania walikaa miaka 300. Waliwapanga watu kwa damu: aliyezaliwa Hispania juu, mtoto wa Wahispania aliyezaliwa Meksiko chini yake, kisha machotara, kisha wenyeji na Waafrika walioletwa utumwani. Hata hivyo vijiji vya wenyeji viliachiwa kitu kimoja cha thamani, nacho ni ardhi ya pamoja, yenye hati za mfalme, ambayo haikuuzwa wala kugawanywa. Ikumbuke hiyo ardhi, tutaihitaji.

Uhuru ulipiganiwa kuanzia 1810 na kupatikana 1821. Miongoni mwa walioupigania alikuwa Vicente Guerrero, mwenye damu ya Kiafrika, ambaye akiwa rais alifuta utumwa mwaka 1829. Wazao wa Waafrika wangali wapo, hasa pwani ya Guerrero na Oaxaca, ingawa katiba haikuwatambua kwa jina lao mpaka 2019. Miaka iliyofuata uhuru ilikuwa vurugu tupu: mapinduzi juu ya mapinduzi, hazina tupu, na vita na Marekani vilivyoisha mwaka 1848 kwa Meksiko kupoteza karibu nusu ya nchi yake. California ilikwenda hivyo.

Kisha akaja Benito Juárez, na hapa inabidi tusimame. Juárez alikuwa Mzapoteki kutoka kijiji cha Guelatao, Oaxaca. Alibaki yatima akiwa mdogo, na Kihispania alijifunza ukubwani kidogo. Akawa mwanasheria, jaji mkuu, na hatimaye rais. Wafaransa walipovamia na kumsimika mwanamfalme wa Austria, Maximilian, awe mfalme wa Meksiko, Juárez alizunguka jangwani na serikali yake mpaka akashinda, na mwaka 1867 Maximilian akapigwa risasi Querétaro. Hakuna anayependwa zaidi ya Juárez katika vitabu vya shule vya huko. Lakini yeye na wenzake waliberali waliamini kwamba maendeleo ni kila mtu kuwa na kiwanja chake chenye hati. Sheria yao ya mwaka 1856 ililazimisha taasisi ziuze ardhi zilizokuwa zikimiliki. Mlengwa alikuwa Kanisa Katoliki, lililokuwa na ardhi kubwa kupindukia. Ila mbele ya sheria hata kijiji ni taasisi. Kwa hiyo mtoto wa kijiji cha Wazapoteki ndiye aliyesaidia kufungua mlango ambao vijiji vilipokonywa kupitia huo. Wanunuzi hawakuwa wanakijiji. Walikuwa watu wenye fedha na mawakili.

Aliyevuna hasa ni Porfirio Díaz, naye mtu wa Oaxaca, shujaa wa vita dhidi ya Wafaransa. Mwaka 1876 aliingia madarakani kwa bunduki akipiga kelele za kupinga marais kuchaguliwa tena. Akatawala mpaka 1911, isipokuwa miaka minne aliyomwazima rafiki yake kiti. Tusimdhulumu mzee: alikuta reli ya kilomita zisizofika 700, akaacha zaidi ya 19,000. Migodi ilifufuka, mafuta yakaanza kuchimbwa, Jiji la Meksiko likawekwa taa za umeme. Lakini reli ikipita mahali, thamani ya ardhi hupanda, na ikipanda, hati za kale za kijiji huonekana zina kasoro. Katika jimbo la Morelos mashamba ya miwa yalisogea hadi kwenye kuta za makanisa ya vijiji. Wafanyakazi wa mgodi wa Cananea walipogoma mwaka 1906, na wale wa viwanda vya nguo vya Río Blanco mwaka 1907, jibu lilikuwa risasi.

Kilichomwangusha kwanza, hata hivyo, hakikuwa njaa. Kilikuwa umri. Mwaka 1908 Díaz alimwambia mwandishi wa habari wa Kimarekani kwamba nchi sasa imekomaa kwa demokrasia na kwamba hatagombea tena. Watu wakamwamini. Kisha akagombea, akiwa na miaka karibu 80, na mpinzani wake Francisco Madero, mtoto wa tajiri wa kaskazini, akatiwa ndani. Madero alipotoka aliita watu kuchukua silaha tarehe 20 Novemba 1910, kwa maneno manne ya Kihispania yaliyobaki kwenye nyaraka za serikali kwa miongo mingi: kura ya kweli, hakuna kurudi tena.

Madero alitaka kura. Emiliano Zapata, mwenyekiti wa kijiji cha Anenecuilco huko Morelos, alitaka hati za kijiji chake ziheshimiwe. Mabwana hawa wawili walikuwa wakipigana vita moja kwa sababu mbili tofauti, na ndiyo maana Díaz alipokimbilia Ulaya mwezi Mei 1911 vita havikuisha. Zapata aliona rais mpya hana haraka na ardhi, akamgeuka mwaka huohuo. Mwaka 1913 Madero aliuawa na jenerali wake mwenyewe, Huerta, huku balozi wa Marekani akiwa amehusika katika njama. Baada ya hapo ni viongozi wa majeshi, Villa, Carranza, Obregón, Zapata, wakiungana na kuchinjana. Sensa inatosha kueleza: Wameksiko walikuwa milioni 15.2 mwaka 1910, na milioni 14.3 mwaka 1921. Waliuawa vitani, walikufa kwa njaa na mafua, walivuka mpaka kwenda Texas.

Katikati ya damu hiyo ikaandikwa katiba ambayo kwa wakati wake haikuwa na mfano. Ilitangazwa Querétaro tarehe 5 Februari 1917. (Wasomaji wa Tanzania watatabasamu: ni tarehe ileile ambayo CCM ilizaliwa miaka 60 baadaye. Sadfa tupu, lakini subirini, jina nalo linakuja.) Ibara ya 27 ilisema ardhi na kilichomo chini yake asili yake ni mali ya taifa. Ibara ya 123 iliweka saa 8 za kazi kwa siku, haki ya kugoma na ulinzi wa mama mjamzito kazini. Rais asichaguliwe tena. Zapata hakuishi kuona ikitekelezwa. Aliviziwa na kuuawa Chinameca mwaka 1919.

Utekelezaji ulikwama kwenye swali la pili, la kuondoka. Álvaro Obregón, jenerali aliyeshinda wote, alitawala hadi 1924, akapumzika, akabadilishiwa katiba, akachaguliwa tena mwaka 1928. Kabla ya kuapishwa alipigwa risasi mezani, mgahawani, na kijana Mkatoliki. Kwa wakati huo serikali ilikuwa pia vitani na wakulima Wakatoliki wa magharibi, waliokasirishwa na makanisa kubanwa.

Aliyebaki na mkono juu, Plutarco Elías Calles, akafanya jambo la busara lililoamua karne nzima. Alisema zama za watu wenye nguvu zimekwisha, sasa ni zama za taasisi. Mwaka 1929 akawakusanya majenerali, magavana na wababe wa mikoa ndani ya chama kimoja, ili wanaotaka ukubwa wagombanie ndani ya nyumba badala ya kurushiana risasi nje. Chama kilibadilishwa jina mara mbili, na tangu 1946 kinaitwa PRI: Chama cha Mapinduzi cha Kitaasisi. Jinsi mapinduzi yanavyoweza kuwa ya kitaasisi ni swali ambalo Wameksiko wenyewe wamelifanyia mzaha miaka yote.

Calles, bila shaka, alidhani zama za wababe zimekwisha kwa wengine wote isipokuwa yeye. Aliendesha marais watatu kwa nyuma ya pazia. Wa nne, Lázaro Cárdenas, alikataa. Mwezi Aprili 1936 askari walimfuata Calles nyumbani kwake, wakampakia ndege kwenda Marekani. Hakuuawa, na hilo lilikuwa jipya. Kanuni ikawa imekamilika: rais ana nguvu kama za mfalme, lakini kwa miaka sita tu, na akitoka, ametoka.

Cárdenas ndiye pia aliyejibu swali la ardhi. Kati ya 1934 na 1940 aligawa takriban hekta milioni 18, zaidi ya wote waliomtangulia wakijumlishwa. Mwaka 1937 ilifika zamu ya Yucatán: mashamba ya henequen yakagawiwa Wamaya waliokuwa vibarua wake. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Machi, akataifisha mafuta ya kampuni za Uingereza na Marekani, na wanawake wakapanga foleni mjini kuchangia vito na kuku ili kulipa fidia.

Namna ardhi ilivyogawiwa ndiyo ufunguo wa mambo mengi. Haikutolewa kama mali binafsi. Ilitolewa kwa kijiji kama ejido, neno linalotamkwa "ehido". Mkulima alipata shamba la kulima na kumrithisha mmoja wa nyumbani kwake, lakini hakuruhusiwa kuliuza, kulikodisha wala kuliweka rehani. Msomaji wa Tanzania, ambako ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, hatashangaa. Nia ilikuwa njema: yaliyotokea baada ya 1856 yasirudie. Ila kwa kuwa benki ya kawaida haikopeshi mtu asiye na rehani, mkopo ulitoka benki ya serikali, mbegu na mbolea serikalini, na ombi la kuongezewa ardhi lilipita kwa viongozi wa shirikisho la wakulima, ambalo lilikuwa tawi la chama. Deni la bwana shamba lilifutwa, ikaja hisani ya chama. Wafanyakazi nao walikuwa na shirikisho lao ndani ya chama, walimu na watumishi lao. Jeshi liliwekewa tawi mwaka 1938, likaondolewa muda mfupi baadaye, na tangu 1946 marais wote wamekuwa raia. Argentina, Brazili na Chile zilipokuwa zikipinduliwa na wanajeshi, Meksiko ilipiga kura kila baada ya miaka sita kama saa ya ukutani.

Mshindi alijulikana mapema mno. Rais anayeondoka ndiye aliyemteua mrithi, kwa kitendo walichokiita "dedazo", yaani kunyoosha kidole. Kwetu kunyooshewa kidole ni kulaumiwa. Kwao ilikuwa kupewa nchi. Hadi dakika ya mwisho mteule alikuwa "aliyefunikwa", na mawaziri walishinda wakichunguza nani kasalimiwa na rais kwa uchangamfu zaidi. Upinzani uliruhusiwa kuwepo, magazeti pia, ilimradi kiwanda cha karatasi za magazeti kilikuwa cha serikali. Aliyepiga kelele alipewa cheo kwanza. Akikataa cheo, ndipo mambo mengine yalifuata. Mwaka 1976 mgombea wa chama, José López Portillo, alikuwa peke yake kwenye karatasi ya kura.

Kwa nini watu walivumilia? Kwa sababu kwa muda mrefu maisha yalipanda. Kuanzia miaka ya 1940 hadi 1970 uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka. Shule zilijengwa, vifo vya watoto vilipungua, wanawake wakapata kura ya kitaifa mwaka 1953. Lakini mafanikio hayo yalizaa watu wasiotoshea kwenye matawi ya chama. Kufikia 1960 nusu ya Wameksiko walikuwa wakiishi mijini. Mwanafunzi wa chuo kikuu hana shamba la kuombea mbolea. Tarehe 2 Oktoba 1968, siku 10 kabla ya Olimpiki, wanajeshi waliwafyatulia risasi wanafunzi katika uwanja wa Tlatelolco, na idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Milimani Guerrero, mwalimu Lucio Cabañas aliingia msituni na bunduki. Jeshi lilimwinda na kuviadhibu vijiji vyote vilivyodhaniwa vinamlisha.

Kufilisika kulikuja 1982, bei ya mafuta iliposhuka na riba za Marekani kupanda. Serikali ikatangaza haiwezi kulipa madeni. Lakini ukiwauliza wazee wa Jiji la Meksiko ni lini hasa waliacha kuiogopa serikali, wengi watakutajia asubuhi ya 19 Septemba 1985. Tetemeko la ukubwa wa 8.1 liliangusha majengo kwa mamia. Serikali ilizubaa. Vijana waliingia kwenye vifusi kwa mikono mitupu kutoa majirani, wakaitwa "mafuko" kwa jinsi walivyochimba. Mafundi cherehani walioona wenye viwanda wakiokoa mashine kabla ya wafanyakazi waliofukiwa wakaunda chama chao cha wafanyakazi, nje ya mashirikisho ya PRI. Mji uligundua kwamba unaweza kujipanga bila kuomba ruhusa.

Miaka mitatu baadaye mtoto wa Lázaro Cárdenas, Cuauhtémoc, alitoka ndani ya PRI na kugombea urais dhidi yake. Usiku wa kura matokeo ya mwanzo yalipoanza kuja vibaya, ikatangazwa kuwa mfumo wa kompyuta umekwama. Ulipokwamuka, Carlos Salinas wa PRI ameshinda kwa kidogo zaidi ya asilimia 50. Baadaye Bunge liliruhusu karatasi za kura zichomwe moto. Msemo "mfumo umeanguka" umebaki Meksiko kama mzaha mchungu.

Salinas huyohuyo ndiye aliyefunga kitabu cha 1917. Mwaka 1992 alirekebisha Ibara ya 27: ugawaji wa ardhi ukakoma, na ejido zikaruhusiwa kuuzwa. Tarehe 1 Januari 1994 mkataba wa biashara huria na Marekani na Kanada ulianza kazi, na alfajiri hiyohiyo Wamaya wa Chiapas, wakiwa wamefunika nyuso, waliiteka San Cristóbal de las Casas. Walijiita Wazapatista. Hofu yao haikuwa ya bure. Meksiko ndiko mahindi yalikotoka duniani, hata kama sisi tumeyapa jina kana kwamba yaliletwa na Wahindi. Sasa mkulima wa vilimani alitakiwa kushindana na mahindi ya Iowa, Marekani, yenye ruzuku. Wengi walifunga mizigo kwenda kaskazini.

Kilichomaliza utawala wa chama, hatimaye, kilikuwa kitu cha kuchosha kukisimulia: tume ya uchaguzi. Mwaka 1996 iliondolewa mikononi mwa serikali. Kadi ya mpigakura tayari ilikuwa na picha, na wahesabu kura walikuwa raia wa mtaa huohuo wanaochaguliwa kwa bahati nasibu na kufunzwa. Anayekuhesabia kura ni muuza mkate wa jirani. Mwaka uliofuata PRI ikapoteza wingi bungeni, na tarehe 2 Julai 2000 ikapoteza urais kwa Vicente Fox wa chama cha upinzani cha PAN. Rais wa PRI alikubali matokeo usiku uleule. Miaka 71.

Ningependa kusema mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Watafiti kadhaa wanaeleza kwamba chama kimoja, kwa ufisadi wake wote, kilikuwa kimewawekea wasafirishaji wa dawa za kulevya mipaka kwa kugawana nao. Vyama vilipoanza kupokezana majimbo, makubaliano yale yalivunjika na magenge yakajitafutia ulinzi wao wenyewe. Desemba 2006 Rais Calderón aliingiza jeshi vitani, na mauaji yakapaa. Mwaka 2014 wanafunzi 43 wa chuo cha ualimu cha Ayotzinapa walitoweka usiku mmoja. Chuo hichohicho ndicho alichosoma Lucio Cabañas. Orodha ya serikali ya watu waliotoweka ilivuka 100,000 mwaka 2022. Kuna akina mama wanaozunguka maporini na vyuma virefu wakitafuta miili ya watoto wao. Wanachoma ardhini, wanachomoa, wananusa ncha.

Uchovu huo ndio uliompa Andrés Manuel López Obrador zaidi ya nusu ya kura mwaka 2018. Kima cha chini cha mshahara kilitoka peso 88 kwa siku hadi karibu 249 kufikia 2024, wazee wote wakapewa pensheni, na takwimu rasmi zinaonyesha watu zaidi ya milioni 13 walitoka kwenye umaskini katika kipindi hicho. Pia alilikabidhi jeshi bandari, forodha na hata reli, na chama chake, Morena, kimemeza wanasiasa wa PRI kwa makumi. Mwaka 2024 Claudia Sheinbaum alishinda kwa karibu asilimia 60, mwanamke wa kwanza kuwa rais. Juni 2025 majaji walichaguliwa kwa kura ya wananchi, mpigakura mmoja tu kati ya wanane hivi akajitokeza, na rais mpya wa Mahakama ya Juu akawa Hugo Aguilar, Mmixteki wa Oaxaca. Wanaoshangilia wanamkumbuka Juárez. Wanaohofia wanaikumbuka PRI. Sioni kwa nini wasiwe sahihi wote wawili.

Kanuni moja haijaguswa: rais hachaguliwi tena. Wabunge na mameya walikuwa wameruhusiwa kugombea tena kwa mageuzi ya 2014. Mwaka 2025 katiba ilirekebishwa kuwakataza upya kuanzia 2030. Naye López Obrador, mwenye wafuasi wengi kuliko kiongozi yeyote wa zama hizi, alipomaliza miaka yake sita alienda shambani kwake Palenque, Chiapas, akasema anaandika vitabu. Mjini hakuna anayeamini kwamba simu yake imezimwa. Lakini ndege iliyombeba Calles mwaka 1936 bado inakumbukwa, hata na walio shambani.